Kushea mafaili kati ya Windows na seva ya Linux: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa karibu kila wiki na watu wa afisi ndogo, skuli na maduka ya steshenari, wengi wao Chake Chake na Wete, wachache Unguja. Hali zao zinafanana: kompyuta nne mpaka ishirini za Windows, na pembeni kompyuta moja, ndiyo seva, yenye Linux (mfumo wa kompyuta badala ya Windows) na Samba ili mafaili yote yakae mahali pamoja. Katika mifano yangu seva ina anwani 192.168.1.10, folda ya pamoja inaitwa hesabu, na mtumiaji anaitwa asha. Wewe weka vyako.

Samba ni nini hasa?

Ni programu ya bure inayoifanya Linux izungumze lugha ambayo Windows hutumia kupeana mafaili na printa. Lugha hiyo inaitwa SMB. Aliyeianza ni Andrew Tridgell, Canberra, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina la kwanza alilolitumia lilikuwa na mwenyewe tayari, basi akaipekua orodha ya maneno ndani ya kompyuta atafute lenye herufi s, m na b kwa mpangilio huo. Likatoka "samba". Wanaodhani ni ngoma ya Brazili hawajakosea sana, ila hakuna uhusiano.

"Folda haifunguki." Nianzie wapi?

Usianze kwa kuifuta Windows na kuiweka upya. Niliwahi kuitwa afisi moja ambako fundi aliyenitangulia alishaziweka upya kompyuta tatu, kazi ya siku mbili, na kosa lilikuwa mstari mmoja kwenye seva.

Fikiria mtu anavyoingia nyumba zetu. Kwanza afike barazani. Apige hodi, ajulikane ni nani, akaribishwe ukumbini. Kuingia chumbani ni ruhusa nyingine kabisa, na kukaribishwa ukumbini hakumpi. Kompyuta ya Windows inapita njia hiyo hiyo: baraza ni mtandao, ukumbi ni jina na neno la siri, chumba ni ruhusa za faili lenyewe ndani ya Linux. Kazi yako ni kujua imekwama wapi.

Barazani kwanza. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri kwenye Windows, uandike:

    Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445

Hiyo 445 ni namba ya mlango ambao SMB hupitia. Mstari wa mwisho ukisema True, umefika. Ukisema False, achana na habari za neno la siri. Tazama waya, swichi, fayawoli (programu inayochuja mawasiliano), au pengine Samba yenyewe imelala. Kwenye Ubuntu na Debian, aina mbili za Linux, utaijua kwa `systemctl status smbd`. Kwa jamii ya Red Hat huduma inaitwa smb tu.

Ukumbini: kaa kwenye seva yenyewe, uandike:

    smbclient //localhost/hesabu -U asha

Hapa Windows haipo kabisa. Ukikubaliwa, seva haina ugomvi na asha, na tatizo liko kwenye kompyuta yake au njiani. Ukikataliwa, basi Windows umeionea bure. Jaribio hili la nusu dakika limeniokolea saa nyingi kuliko kitu chochote.

Chumbani: ungali ndani ya smbclient, andika `ls`, kisha tumia `put` kupeleka faili dogo lolote. Ukizuiwa hapo, na umeshaingia, ni ruhusa.

Windows nayo hutoa namba, na namba ina maana kuliko maneno yake. 53 au 0x80070035, kwa kawaida hujafika barazani. 1326 au 86 ni jina au neno la siri. 67, mara nyingi umekosea kuandika jina la folda ya pamoja. 5 ni ruhusa.

Seva haionekani kwenye orodha ya mtandao, lakini nikiandika anwani inafunguka. Nifanye nini?

Ukitaka, usifanye chochote. Orodha ile na uwezo wa kufungua folda ni mambo mawili tofauti. Zamani kompyuta zilijitangaza kwa njia ya NetBIOS, iliyokwenda pamoja na SMB1, yaani SMB ya zamani. Windows za sasa zinatafuta kwa njia nyingine ambayo Samba haina yenyewe. Programu ndogo iitwayo wsdd ukiiweka kwenye seva itafanya ijitangaze. Mimi siku hizi sijisumbui. Nampa kila mtu herufi ya diski, basi:

    net use Z: \\192.168.1.10\hesabu /user:asha /persistent:yes

Anaona Z:, anabofya, anafanya kazi. Wengi hawajui hata kama kuna seva.

Ilikuwa ikifanya kazi. Usiku Windows ikajisasisha, asubuhi hakuna kitu.

Swali hili huja kwa mafungu, kila toleo jipya la Windows linapofika kisiwani. Sababu ni tatu, na zote zina historia.

Ya kwanza ni SMB1. Mwezi wa Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa kupitia tundu la lugha hiyo ya zamani. Mwaka huo huo Windows 10 toleo la 1709 ikaanza kutoka bila SMB1 kwa usakinishaji mpya. Samba nayo ikaizima kuanzia toleo la 4.11, mwaka 2019. Ukiwa na seva iliyowekwa miaka mingi nyuma, na ndani ya smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, kuna mstari unaoilazimisha itumie NT1 (ndiyo SMB1 hiyo), ufute. Andika badala yake:

    server min protocol = SMB2

Utashauriwa urudishe SMB1 kwenye kila kompyuta. Usirudishe. Kama anayekulazimisha ni mashine ya fotokopi ya zamani inayotuma karatasi ilizoskani kwenye folda, ni bora watu wachukue skani zao kwa flashi kuliko kufungua tundu lile kwa afisi nzima.

Sababu ya pili ni kuingia bila jina. Afisi nyingi ziliwekewa folda ambayo mtu yeyote anaingia bila neno la siri, kwa sababu aliyeiweka alitaka kuwahi boti. Windows za Enterprise zilianza kukataa mtindo huo tangu 1709. Windows 11 Pro ikajiunga nazo katika toleo la 24H2, la mwaka 2024. Ujumbe utakaouona unataja sera za usalama za taasisi yako, na watu wananipigia wakiuliza taasisi gani, maana duka ni la mtu mmoja. Dawa si kuizima sera. Mpe kila mtu akaunti.

Ya tatu ni saini. Hiyo hiyo 24H2 Pro inataka mazungumzo yote na seva yatiwe saini ili mtu wa katikati asiyachezee. Samba inajua kutia saini tangu zamani, kwa hiyo haitakusumbua, ila mtu aliyeingia bila jina hana cha kutilia saini. Tunarudi pale pale: akaunti.

Neno la siri ni sahihi. Nimelihakiki mara kumi. Bado nakataliwa.

Nakuamini. Ila ni sahihi wapi?

Samba ina daftari lake la maneno ya siri, mbali na la Linux. Asha anaweza kuwa na akaunti nzuri kabisa kwenye Linux na Samba isimjue hata kwa sura. Tazama waliomo kwa `sudo pdbedit -L`. Kama hayumo:

    sudo useradd -M -s /usr/sbin/nologin asha
    sudo smbpasswd -a asha

Mstari wa kwanza unampa akaunti ya Linux isiyoweza kukaa kwenye seva na kuandika amri. Kama anayo tayari, uruke. Wa pili unamwandika kwenye daftari la Samba. Na kila ukibadilisha neno la siri upande mmoja, wa pili haubadiliki mpaka uubadilishe mwenyewe.

Akiwa yumo na bado anakataliwa, nenda kwenye kompyuta yake. Windows huwa inajaribu kwanza jina ambalo mtu ameingilia asubuhi, pengine ni anwani ya barua pepe au "User". Kwenye sehemu ya jina mwandikie `SEVA\asha`, SEVA likiwa jina la seva yako, ili Windows isimtilie jina la kompyuta yake mwenyewe.

Kisha kuna PIN. Maalim mmoja alinionesha kwa subira kubwa: anaandika tarakimu nne, kompyuta inafunguka, anaandika zile zile kwenye dirisha la seva, inakataa. Akaona seva inambagua. PIN ya Windows ni ya mashine ile tu, haisafiri kwenda popote. Seva inataka neno la siri alilopewa kwa smbpasswd, na yeye lake alilisahau tangu siku ya kwanza kwa sababu Windows ilikuwa imelikariri.

Hayo ya kukariri ndiyo yanayonipa kazi nyingi. Ukibadilisha neno la siri kwenye seva, Windows itaendelea kutuma lile la zamani kimyakimya. Lione na ulifute:

    cmdkey /list
    cmdkey /delete:192.168.1.10

Kosa 1219 ni nini?

Windows haikubali kuingia seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Mara nyingi Z: imeshafunguka kwa jina la asha, na sasa unataka folda nyingine kwa jina la meneja. Andika `net use` uone yaliyofunguliwa, halafu `net use * /delete`, uanze upya kwa jina moja. Tahadhari, amri ya pili inakata diski zote za mtandao za kompyuta hiyo, hivyo mtu afunge kazi zake kwanza.

Naingia, nasoma, lakini siwezi kuandika.

Uko ukumbini, chumba kimefungwa. Hapa ndipo penye maarifa ya kweli, na ndipo watu wanapoandika `chmod -R 777`, yaani ruhusa zote kwa kila mtu, wakaenda kunywa chai. Inafanya kazi, ndiyo. Siku yoyote kijana wa mazoezi naye anaweza kufuta folda ya mishahara, na hakuna atakayejua ni nani.

Elewa kwanza kwamba kuna kufuli mbili. Moja ni ya Samba, imeandikwa kwenye /etc/samba/smb.conf. Nyingine ni ya Linux, imo kwenye folda lenyewe. Zote mbili zikubali, vinginevyo huandiki. Samba ikisema ndiyo na Linux ikisema hapana, jibu ni hapana.

Ya Linux itazame kwa amri hii, ambayo wengi hawaijui:

    namei -l /srv/hesabu

Inaonesha ruhusa za kila hatua ya njia, kuanzia mwanzo. Mara kwa mara folda ya mwisho iko sawa na kizuizi kiko ngazi mbili juu. Mfano wa kila siku: mtu ameweka folda ya pamoja ndani ya /home/fundi. Tangu Ubuntu 21.04, folda za nyumbani za watumiaji wapya zimefungwa kwa watu wengine, kwa hiyo asha hapiti hata mlango wa nje. Usimfungulie nyumba ya fundi. Hamishia folda /srv.

Mpangilio ninaouweka mimi ni huu, na sijaubadilisha miaka mingi:

    sudo groupadd wahasibu
    sudo usermod -aG wahasibu asha
    sudo chgrp -R wahasibu /srv/hesabu
    sudo find /srv/hesabu -type d -exec chmod 2770 {} +
    sudo find /srv/hesabu -type f -exec chmod 660 {} +

Na kwenye smb.conf:

    [hesabu]
       path = /srv/hesabu
       valid users = @wahasibu
       read only = no
       force group = wahasibu
       force create mode = 0660
       force directory mode = 2770

Ile 2 ya mwanzo kwenye 2770 ndiyo roho ya kazi. Inafanya kila faili jipya ndani ya folda lirithi kundi la wahasibu badala ya kundi la aliyelitengeneza. Bila hiyo utapata lalamiko maarufu: "Bi Asha akishahifadhi, mimi silifungui tena." Na usidhani Bi Asha ametengeneza faili jipya. Amefungua lile lile, akabadilisha namba moja, akahifadhi. Ila Word na Excel hazihifadhi juu ya faili la zamani. Zinaandika jipya pembeni, zinalifuta la zamani, zinalipa jipya jina lake. Mwenye faili sasa ni asha, na kama kundi halikurithiwa, wenzake wako nje.

Ukimwongeza mtu kwenye kundi, atoke Windows aingie tena. Mazungumzo yaliyokwisha kufunguka yanatumia orodha ya makundi ya pale mwanzo.

Kama folda iko kwenye diski ya nje yenye NTFS au exFAT, mitindo ya Windows ya kupanga diski, chmod haitakusaidia kitu; ruhusa zake hupangwa wakati diski inapopachikwa (mount), yaani inapounganishwa na folda. Diski ikiwa ya seva na haitoki, ihamishie kwenye ext4, mtindo wa Linux.

Ruhusa zote ziko sawa, seva ni AlmaLinux au Rocky, na bado inakataa.

Ni SELinux, ulinzi wa ziada uliomo kwenye Linux za jamii ya Red Hat kama hizo. Folda inahitaji alama inayosema Samba inaruhusiwa kuigusa:

    sudo semanage fcontext -a -t samba_share_t "/srv/hesabu(/.*)?"
    sudo restorecon -R /srv/hesabu

Wanaoshauri kuizima SELinux yote, wasikilize kwa heshima, usiwafuate.

Excel inasema faili limefunguliwa na mwenzetu, na yeye yumo kwenye boti anakwenda Unguja.

Kwenye seva andika `sudo smbstatus`. Utaona nani yuko ndani, kutoka kompyuta gani, na chini yake mafaili yaliyofungwa. Chukua namba ya mchakato, PID, iliyo mbele ya lile faili, kisha `sudo kill` na namba hiyo. Ujue kwamba unamkata na mafaili yake mengine yote, hivyo kwanza tazama kama kompyuta yake imeachwa wazi na kazi haijahifadhiwa. Kama smbstatus haioneshi mtu na Excel bado inang'ang'ania, tafuta ndani ya folda faili lililofichwa lenye jina linaloanza kwa `~$`. Ni mabaki ya kompyuta iliyozimika ghafla. Lifute.

Umeme umekatika, umerudi, na sasa folda iko tupu! Kazi zetu zimepotea?

Karibu mara zote, hapana. Usiandike chochote ndani yake mpaka usome hapa.

Mafaili yapo kwenye diski ya pili, na diski hiyo hupachikwa kwenye /srv/hesabu seva inapoamka. Umeme uliporudi, diski ilichelewa, Samba haikungoja, na sasa inawaonesha watu folda tupu iliyo chini yake. Hakikisha:

    findmnt /srv/hesabu

Isipojibu kitu, diski haijapachikwa. Andika `sudo mount /srv/hesabu`, mafaili yatarudi. Hatari ni yule aliyeona folda tupu akaanza kuweka kazi mpya, maana diski ikirudi, kazi hiyo inafunikwa na ataapa imeibiwa. Kuzuia kabisa, fungua `sudo systemctl edit smbd`, uandike:

    [Unit]
    RequiresMountsFor=/srv/hesabu

Sasa Samba haitaamka bila diski. Watu watapata kosa badala ya folda tupu, na kosa ni salama zaidi.

Jambo la pili baada ya umeme kurudi ni anwani kubadilika. Ruta inagawa anwani upya, na seva iliyokuwa .10 inakuwa .23. Ipangie anwani ya kudumu, kwenye ruta au kwenye seva yenyewe. Na UPS inunue. Waliokuwa Unguja kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, kisiwa kilipokaa karibu miezi mitatu bila umeme, hawahitaji kuelezwa. Kwa seva ndogo UPS haikukusudiwa ikufanyie kazi mchana kutwa. Inakupa dakika chache za kuizima kwa utaratibu.

Inafunguka, lakini polepole mno.

Kama uko Mji Mkongwe na unatumia Wi-Fi, angalia ukuta. Kuta za mawe na chokaa, unene wake mkono mzima, zinaimeza Wi-Fi kabla haijafika chumba cha pili. Hakuna mstari wa smb.conf unaotibu hilo. Vuta waya.

Kama upo kwenye waya, uliza seva inakwenda kasi gani:

    sudo ethtool enp3s0 | grep Speed

Jina la kadi yako utalipata kwa `ip link`. Ikisema 1000Mb/s, tegemea megabaiti 110 hivi kwa sekunde ukiwa na diski nzuri. Ikisema 100Mb/s hutapita 11 au 12, na hapo pana siri: kasi ya 100 inatumia nyaya nne tu kati ya nane zilizomo ndani ya waya, ya 1000 inazitaka zote. Ukatike mmoja tu kati ya zile nne za ziada, kadi inashuka kimya na kila kitu kinaonekana kinafanya kazi. Katika mji wa Mkoani, Pemba, nilichomoa plagi nyuma ya seva iliyokaa dirishani, upande wa bahari. Meno yake mawili yalikuwa yameota kutu ya kijani, kama sarafu iliyookotwa pwani. Nikaikata, nikabana mpya, nikaisogeza seva kutoka dirishani. Faili la mpango wa mwaka lililokuwa likichukua muda wa kupasha chai likafunguka papo hapo.

Jina la faili limegeuka herufi za ajabu zenye alama ya ~.

Mtu amelitengeneza kwenye Linux kwa alama ambayo Windows haiitaki, kwa mfano nukta mbili au alama ya kuuliza. Badilisha jina kwenye seva. Na kumbuka Linux inatofautisha Karafuu.xlsx na karafuu.xlsx, Windows itakuonesha yote mawili kisha ikuchanganye.

Nataka kuifungua folda ya Wete nikiwa Unguja. Nifungue mlango wa 445 kwenye ruta?

Hapana. Kabisa. Unganisha afisi mbili kwa WireGuard kwanza, njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, halafu tumia anwani ya ndani kama kawaida. Hata hivyo usitegemee kufungua Excel kubwa moja kwa moja kupitia intaneti. Nakili, fanyia kazi, rudisha.

Fayawoli ya seva nayo ifungulie mtandao wa ndani tu:

    sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any app Samba

Nimejaribu yote. Nikupigie nikueleze nini?

Endesha `testparm -s` kwanza. Samba ikikuta neno isilolijua ndani ya smb.conf hulipuuza na kuendelea. Nimewahi kukuta `valid users` imeandikwa `vaild users`, herufi mbili zimepishana, na folda ya mishahara ikiwa wazi kwa kila mwenye akaunti kwenye seva ile. testparm ingelitaja neno hilo kwenye mistari ya mwanzo.

Kisha weka `log level = 3` chini ya [global], endesha `sudo smbcontrol all reload-config`, rudia kosa mara moja tu, na uchukue mistari ya mwisho ya /var/log/samba. Nitumie hiyo pamoja na namba ya kosa la Windows kama ilivyo, toleo la Windows, na matokeo ya yale majaribio matatu ya baraza, ukumbi na chumba. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu inatosha, mradi namba isomeke. Ukimaliza, irudishe log level ilivyokuwa, maana 3 hujaza diski.